Kongo na Mrija wa Uruguay

Pale kituoni tunaitana kwa nchi. Majina yetu ni marefu na masikio yetu ni mabovu, kwa hiyo mimi ni Tanzania, yule bibi mwenye chupa ya maji moto ni Uruguay, na yule aliyeezeka mapaa ya watu huku Maryland mpaka goti likamfia ni Salvador. Kituo chenyewe kiko Takoma Park, katika jengo lililokuwa duka la mazulia. Siku za mvua sakafu bado inatoa harufu ya sufu iliyolowa. Gari linatuzoa asubuhi majumbani kwa watoto wetu, na alasiri linaturudisha. Katikati hapo tunanyoosha viungo, tunakula wali usio na chumvi, tunasinzia mbele ya televisheni. Ni mahali pa kuwekea wazee wakati wenye nguvu wako kazini, na sina ubaya napo. Mwanangu yuko ghalani, mkewe yuko hospitalini, na wajukuu nikiwasemesha Kiswahili wananijibu Kiingereza huku wameshafika mlangoni.

Uruguay ndiye aliyenifundisha kunywa majani ya kwao. Jina la kinywaji chenyewe, mate, sikulipenda, maana kwetu mate ni kitu cha kutemwa, basi nikayaita majani tu, na yeye akazoea. Ana kibuyu kidogo kinachoenea kiganjani. Anakijaza majani makavu ya kijani karibu na ukingo, anachomeka mrija wa chuma wenye kichujio chini, anamimina maji ya moto ambayo hayakuchemka. Wa kwanza anakunywa yeye, kwa sababu mkupuo wa kwanza ndio mchungu kuliko yote na mwenye kibuyu ndiye anayepaswa kuubeba. Kisha anajaza tena, anampa aliye kulia kwake. Huyo ananyonya mpaka mrija ukorome, anamrudishia kibuyu, kinajazwa tena kwa anayefuata. Kibuyu kimoja, mrija mmoja, vinywa vyote. Siku yangu ya kwanza alinipa masharti mawili tu: mrija usiukoroge, na usiufute.

La kufuta hakuwa na haja ya kuniambia. Mimi ni mtu wa Moshi. Nimekua nikiona mbege, pombe yetu ya ndizi, inazunguka kwa kata moja, mwenye nyumba akionja kwanza ili wageni wajue hakuna sumu, halafu mzee kwa mzee. Mtu akiifuta kata kabla ya kuitia mdomoni amemwambia jirani yake usoni kwamba kinywa chake ni jalala. Kwetu watu wameacha kuzikana kwa jambo dogo kuliko hilo.

Nilikaa kulia kwa Uruguay. Baada yake nilikuwa mimi, baada yangu Salvador. Tulizungumza Kiingereza kilichovunjika cha watu waliojifunzia kazini, mimi kwenye udereva wa ubalozi, Uruguay akisafisha maofisi, na pale kilipoishia tulitumia mikono. Mke wangu alikuwa amekwisha kufa. Asubuhi nilipoamka, kitu kilichonitoa kitandani kilikuwa kile kibuyu.

Kongo aliletwa na binti yake majani ya miti yalipoanza kupukutika. Binti alikuwa amevaa sare ya bluu ya watunza wagonjwa, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Aliponisikia nikisema Kiswahili na mhudumu mmoja wa Kenya, alikaribia kulia. Alizaliwa Bukavu lakini alikulia kambini Kigoma, kwa hiyo alisema kama sisi. Aliniamkia shikamoo, akanivuta pembeni penye makoti.

"Mzee wangu, nyumbani simwezi tena," alisema. "Anaacha jiko linawaka anaenda kulala. Jirani wa juu ameshalalamika. Hapa pakimshinda sina pengine ila kumpeleka nyumba ya wazee alale hukohuko, na lugha yao haijui. Atakaa kama jiwe. Nakuomba umshike mkono."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, amwache. Nilisema kwa moyo. Saa ile sikuwa na nia yoyote mbaya, na nayasema haya si kwa kujitetea; ni kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Kongo alikuwa mtu nadhifu. Suruali yake ilikuwa na mkunjo wa pasi, na katika mfuko wa koti palitokeza ncha ya leso nyeupe. Zamani alikuwa msaidizi wa zahanati, akapitia kipindupindu, na tangu wakati huo alikuwa anafuta kila kitu: kijiko, kitasa, ukingo wa glasi. Kusahau kulikuwa kumemwanza, lakini uchangamfu haukuwa umemtoka. Wakati wa kunyoosha viungo alimwigiza msichana anayetuongoza, akainua mikono kama anayechuma matunda yasiyokuwepo, akayatia mfukoni kwa siri. Uruguay alicheka mpaka akashika mbavu. Miaka yote niliyokaa karibu naye sikuwahi kumchekesha hivyo.

Tulipokaa kunywa, Uruguay akaniambia, "Tanzania, sogea. Mgeni anakaa huku kwangu."

Nikasogea kiti kimoja. Ukiniuliza leo chanzo ni nini, ni kiti hicho. Hakuna kikubwa kuliko hicho, nimekitafuta.

Uruguay alikuwa anakunywa mkupuo wake. Kongo akaniinamia sikioni.

"Mukubwa, hii kintu, kila mutu anatia kinywa palepale?"

"Palepale."

"Na mi naweza kupanguza kwanza? Ama ni mubaya?"

Aliuliza. Hilo nataka lieleweke. Alikuwa anajua kwamba kila watu wana desturi yao, na akamwuliza mtu pekee aliyeweza kumjibu.

"Panguza tu," nikasema. "Hawa wanapenda mtu msafi."

Akapewa kibuyu. Akatoa leso, akaikunjua, akaufuta ule mrija kwa utaratibu, juu, chini, akizungusha, kama anayeandaa sindano. Kisha akamtazama Uruguay, akatabasamu, akanywa. Alipomaliza akaufuta tena, kwa heshima ya atakayefuata. Salvador aliguna, akauliza kama huyu bwana anatuona mbwa. Uruguay hakusema na Kongo. Aliniuliza mimi, polepole, kama mgeni hajui. Kama hajui angemwonyesha.

"Anajua," nikamjibu. "Nimemwambia. Anasema hawezi kunywa nyuma ya watu bila kufuta."

Kongo akanigusa kiwiko. "Banasema nini?"

"Wanasema wewe ni mtu msafi sana."

Akaweka mkono kifuani, akamwinamia Uruguay. Uruguay akageuza uso.

Kesho yake alikuja na leso mpya. Mjukuu wake ndiye aliyempigia pasi, alinieleza, akanionyesha pembe zake. Akafuta kwa madaha zaidi. Uruguay hakumfukuza, si mtu wa kelele. Alianza kumpa wa mwisho, maji yakiwa yamepoa na majani yameshaisha ladha, ambayo kwao ni njia ya kusema na mtu bila kufungua mdomo. Kongo alikunywa yale maji baridi yote mpaka mrija ukakoroma, akasifu. Baada ya hapo Uruguay alimruka. Kibuyu kilitoka kwake, kikapita mbele ya pua ya Kongo, kikaja kwangu. Mara ya kwanza Kongo alinyoosha mkono kukipokea, na mkono ukabaki hewani mpaka akapata la kuufanyia: akajikuna shingo.

Salvador ndiye aliyeufanya mchezo. Kongo akiinuka kwenda msalani, yeye anachukua karatasi laini na kukifuta kile kiti, juu, chini, akizungusha, halafu anainama na mkono kifuani. Watu wa meza nyingine wakajifunza. Ikawa kila anapopita, mtu anafuta kitu: meza, fimbo yake, upara wa jirani. Kongo aliona watu wanacheka na yeye akacheka, kwa sababu mgeni mwenye adabu hacheleweshi kicheko cha wenyeji.

Siku moja alileta mikate ya mafuta aliyokaanga binti yake, bakuli zima, bado ina joto. Akapita mwenyewe akigawa. Uruguay alichukua mmoja kwa ncha za vidole akauacha juu ya mkono wa kiti. Salvador aliufuta wake kwa karatasi, kwa makini, pande zote, akaunusa, akaufuta tena, ndipo akaula. Chumba kizima kilicheka. Kongo alidhani wanacheka mafuta. Akamwambia Salvador kwa Kifaransa, na kwa mikono, kwamba binti hakuikausha vizuri, wamsamehe. Nami nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na mkate wake ulikuwa mdomoni mwangu. Ulikuwa mtamu.

Si hivyo tu. Nilimcheka Kiswahili chake. Nilikwenda kwa yule mhudumu wa Kenya nikamwigiza, batu, bintu, banasema, nikitegemea tucheke pamoja kama watu wa Kiswahili safi. Hakucheka.

"Mzee, wacha," alisema. "Kwani alikufanyia nini?"

Nikasema ana dharau. Akanitazama, akarudi kwenye vikombe vyake.

Kongo mwenyewe aliniuliza alikokosea. Aliniuliza si mara moja. Alivuta kiti karibu, akashusha sauti kana kwamba wale wengine wangemwelewa. "Mukubwa, we unabajua hawa batu. Nilifanya nini mubaya? Uniambie, nitaomba musamaha."

Nilikuwa na nafasi pale. Maneno yenyewe hayafiki kumi: usifute mrija, mwombe radhi yule mama, basi. Nikamwambia hakuna alichokosa. Hawa ndivyo walivyo, nikasema, wakikuchoka wamekuchoka.

Akafikiri. "Ni sababu ya ngozi?"

"Mbona mimi wananipa?"

Hilo lilimwumiza kuliko yote, nililiona likimwingia. Ikiwa si ngozi, basi ni yeye.

Akahamia dirishani. Alikaa na koti lake limefungwa vifungo mpaka shingoni, akitazama maegesho ya magari. Chakula cha mchana akawa anakirudisha. Mtu aliyefuta kila kijiko akaanza kukaa na suruali iliyolowa bila kumwambia mhudumu. Binti akinikuta asubuhi ananiuliza, "Anaendeleaje, Mzee? Anapata watu?" Nami namjibu kwamba anazoea polepole. Nilijua alichokuwa anauliza. Alikuwa anauliza kama baba yake atabaki kulala nyumbani kwake.

Siku moja Kongo akatoka. Hakuna aliyemwona. Dereva wa gari letu alimkuta kwenye kituo cha basi anawauliza watu njia ya nyumbani kwa Kifaransa, na watu wanapisha. Uongozi ukamwita binti, ukamweleza kwa upole kwamba mtu anayetangatanga hawawezi kumweka, milango yao si ya kufungwa, barabara iko karibu. Alisikiliza amesimama. Alipotoka alikuja kwangu kuniaga, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Asante, Mzee," akasema. "Najua ulijitahidi."

"Tulijitahidi sote," nikasema.

Nikarudi kwenye kiti changu. Ningependa kuandika kwamba majani hayakupita kooni tena. Yalipita. Baridi ile yote nilikunywa wa pili, tukazungumza habari za magoti na za watoto, na Salvador aliendelea kufuta viti kwa muda, mpaka mchezo ukachosha kwa kuwa mwenyewe hayupo.

Kilichonitikisa kilitoka kwa Uruguay, na hakukusudia. Siku zilikuwa zimeanza kupata joto. Alikuwa anasafisha mrija wake, akamkumbuka Kongo, akasema alikuwa mtu wa kuchekesha, hasara. "Asiyejua namfundisha," akasema. "Watoto wangu wote niliwafundisha. Lakini huyu alijua." Akatikisa kichwa. Akasema kuna siku alitamani kumpa tena, akakumbuka nilivyomwambia.

Jumapili iliyofuata nilimwomba mwanangu anipeleke. Nyumba ya wazee alikopelekwa Kongo iko mbele ya Laurel, kando ya barabara kuu ya kwenda Baltimore. Kongo alikuwa ukumbini kwenye kiti cha magurudumu, ingawa miguu yake ilikuwa mizima. Alikuwa amevaa sweta la mtu mwingine, lina jina la mtu mwingine shingoni. Leso hakuwa nayo. Mwuguzi aliniambia ni mgonjwa mzuri, anakula, hasumbui, haulizi kitu. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio au matusi, na utulivu ule ulinitisha.

Alinijua. "Mukubwa wa Tanzania," akasema.

Nikakaa, nikamwambia. Nilimwambia yote: kwamba kufuta ni tusi kwao na kwetu pia, kwamba nilijua, kwamba yule mama aliuliza nikamjibu uongo, kwamba kila alichofanyiwa kilitoka mdomoni mwangu. Nilimwambia kwamba yote ni kwa sababu ya kiti. Ilinichukua muda. Alisikiliza akitazama midomo yangu, na sikuwa na hakika ni kiasi gani kinaingia. Nilipomaliza nikadhani amesinzia.

"Kwa hiyo habakunichukia," akasema.

"Hapana."

"Ule mama, hakunichukia."

"Alikupenda. Alikupenda kuliko mimi."

Hakunitukana. Sina hakika hata kama aliishika ile sehemu iliyonihusu mimi. Uso wake ulifunguka, ukarudi ule wa siku ya kwanza, na akaanza kutafuta kitu sakafuni kwa miguu. Alitaka viatu. Akasema twende, atamwomba yule mama musamaha, sasa anajua, hatapanguza tena. Nikamwambia leo ni Jumapili, pamefungwa. Akasema basi atasubiri kesho. Nikamwacha mwuguzi anamtafutia viatu ili atulie.

Niseme kweli: nilirudi nyumbani mwepesi. Nilikula vizuri, nikalala. Nilijiona mtu aliyefanya jambo gumu.

Binti alinipigia simu kabla ya juma kwisha. Hakuniamkia.

"Umemwambia nini baba yangu?"

Nikamweleza, nikirudia yaleyale, na mara ya pili maneno yalitoka kwa urahisi zaidi. Hakunikatiza. Nikasikia magari nyuma yake. Alikuwa njiani kati ya kazi moja na nyingine.

"Unajua nilikuwa wapi ulipokuja na toba yako?" akasema. "Nyumba tuliyokuwa tunakaa nimeiachia. Watoto wako kwa shangazi yao, mimi nimebanana na wenzangu wa kazini chumba kimoja Hyattsville. Hana pa kurudi, Mzee. Kule kituoni hawamchukui, na mimi sina pa kumlaza. Alikuwa amekubali. Alikuwa amekaa. Sasa tangu alfajiri anavaa viatu anakaa mlangoni, anawaambia wazungu anasubiriwa. Wakimrudisha ndani anawapiga. Hataki kula. Jana wamemfunga mkanda kwenye kiti."

Nikasema nilidhani anastahili kuujua ukweli.

"Alistahili siku ile alipokuuliza," akasema. "Siku hii umeusema kwa ajili yako."

Nilimwuliza nifanye nini. Nilidhani atasema nisikanyage tena pale, na ningeona nafuu. Hakusema hivyo. Alisema saa kumi atakuwa huko, ataweka simu sikioni mwa baba yake, na mimi nitamwambia kwamba nilimdanganya.

"Lipi?" nikauliza.

"Kwamba wanamtaka. Mwambie ulisema vile kumfariji tu. Mwambie hawamtaki, wala hawakumtaka. Mimi akisikia kwangu hataamini. Wewe anakuamini."

Nikasema siwezi.

"Ulikuwa unaweza," akasema.

Saa kumi simu ikalia. Nilikuwa chumbani, wajukuu wanacheza upande wa pili wa ukuta. Nilimsikia binti akimwambia baba yake nani anaongea, halafu nikasikia pumzi yake, karibu sana.

"Mukubwa, unakuja kunichukua?"

Nikamwambia hapana. Nikamwambia kwamba Jumapili nilikuwa nimemwonea huruma, ndiyo maana nikatunga yale. Hakukuwa na mrija wowote wala tusi lolote. Hawakumpenda tangu alipoingia, basi.

"Ule mama pia?"

"Yeye ndiye aliyeanza."

Nilisikia binti anapiga chafya mbali, au analia, sikuweza kutofautisha.

"Njo vile nilifikiri mwanzo," Kongo akasema. "Aksanti, mukubwa. Wengine bangenificha."

Binti akachukua simu, akaikata. Siku chache baadaye alinitumia ujumbe wa maneno mawili: ameanza kula.